Mafunzo ya Makofi Bondeni

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sheria inataka litajwe mtu akiwa amesimama wima, na mimi ninaandika nimekaa. Kwa hiyo nitasema tu nchi yetu, nawe utaitambua, maana huenda ni jirani na kwenu. Kazi yangu ni ushereheshaji katika Wizara ya Maji. Waziri akihutubia, mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti na kuwaambia wananchi wapige makofi ya kilo ngapi. Kilo moja ni ya salamu, kilo tatu ni za ahadi, na kilo tano ni za ahadi iliyokwisha kutolewa mwaka uliopita. Kilo kumi tunamwekea Mkuu wa Nchi, hata akikohoa.

Niseme mapema kwamba sina kinyongo na mtu. Ninaeleza nilivyoona. Pale nilipojisikia kichefuchefu nitasema, kwa kuwa daktari wa wizara ameniambia ni kichefuchefu cha uzalendo na hakina dawa.

Mtaa wa Bondeni uko nyuma ya machinjio ya mji. Bomba la maji la mtaa ule lililazwa ndani ya mfereji uleule unaopitisha damu na mavi ya ng'ombe, maana mhandisi aliona kuchimba mara mbili ni kuchezea nguvu za taifa. Bomba likashika kutu, likatoboka. Tangu hapo maji ya Bondeni yakawa na rangi ya chai ya mkandaa na utando wa mafuta juu yake, na siku za sikukuu yalitoka pamoja na nywele za mbuzi. Wizara iliwashauri wananchi wayachemshe. Waliyachemsha, yakawa supu.

Watoto wa Bondeni walihara mpaka macho yakawazama. Zamda, mama ntilie anayeuza wali na maharage mbele ya geti la machinjio, alimzika binti yake Hidaya kabla ya mvua za vuli. Akabaki na Tunu, wa miaka minne, naye akaanza kuhara. Zamda akawa anakuja wizarani kila juma. Hakuwa na fujo. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, chupa ya maji ya Bondeni mapajani, akingoja kumwona Waziri, na harufu ya ile chupa ikapanda ngazi taratibu mpaka ofisi ya Waziri. Hapo ndipo serikali ilipotambua kuwa kuna tatizo.

Hatua ya kwanza ingekuwa virungu, kama ilivyo desturi. Lakini wafadhili walikuwa mjini na kamera zao, na Mheshimiwa Kiangazi, Waziri wetu wa Maji, akaagizwa atafute njia yenye sura nzuri zaidi.

* * *

Ndipo alipoletwa Bwana Makupa, mfunzaji wa wanyama wa Ikulu. Huyu bwana alikuwa amewafunza mbwa wa Ikulu kusimama wimbo wa taifa ukipigwa, na kasuku wa Ikulu kusema "ndiyo" kabla swali halijaisha, jambo ambalo Bunge lenyewe lilichukua miaka kulimudu. Alivaa suti ya kijani na kutembea kifua mbele, na mifuko yake ilinuka maini.

Alikuja mbele ya Baraza la Mawaziri na mbwa mmoja mnene, filimbi, na bakuli la maini yaliyokatwakatwa.

"Waheshimiwa, mnyama hapigwi," alianza, akiwatazama mmoja mmoja kama anayewapima shingo. "Kipigo kinamfunza kukukwepa wewe tu. Ukitaka afanye jambo, ngoja alifanye japo kidogo, kisha mtunze papo hapo. Mimi nataka huyu alale juu ya zulia lile jekundu. Je, nitangoja mpaka alale? Singoji. Akilitazama tu, filimbi na ini. Kesho kulitazama hakutoshi, mpaka asogee. Keshokutwa mpaka akanyage. Namsogeza kidogo kidogo, na mwenyewe anadhani ni akili zake."

Akapiga filimbi, akarusha ini, akapiga tena, akarusha tena. Chai ya Baraza haijapoa, mbwa alikuwa amelala juu ya zulia, mkono mmoja kifuani, kama balozi.

"Na akibweka?" aliuliza Mheshimiwa Kiangazi.

"Namgeuzia mgongo. Simkemei, simtazami. Asiyepata kitu kwa kubweka huchoka mwenyewe."

Waziri akavua miwani. Nilimwona macho yakimlengalenga.

"Bwana Makupa, unataka kuniambia kuwa kuwageuzia mgongo wanaolalamika ni sayansi?"

"Sayansi kabisa, Mheshimiwa."

"Basi miaka yote hii tumekuwa wanasayansi, na hakuna aliyetupa hata cheti."

Niliita makofi ya kilo tano, na mbwa naye akapewa ini. Siku hiyohiyo Bwana Makupa aliteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Tabia za Wananchi, akapewa gari, bendera ndogo ya kwenye gari, na filimbi mpya yenye nembo ya taifa. Kazi yake ilielezwa waziwazi: wafadhili watakapokuja Bondeni, mwananchi wa kule achukue glasi ya maji ya bombani, anywe, atabasamu, aseme "Ahsante, Wizara." Kurekebisha bomba hakukutajwa, kwa sababu Bwana Makupa alikuwa mtaalamu wa tabia, si wa mabomba.

* * *

Mafunzo yalifanyika uwanjani, chini ya turubai la wizara, ukuta wa machinjio ukiwa nyuma yetu. Badala ya maini ilichaguliwa kashata, maana mwananchi si mbwa, alisema Mheshimiwa, mwananchi ana utu wake.

Watu walikaa chini kwa safu. Mwanzoni yeyote aliyemtazama Waziri alisikia filimbi na kupata kashata. Wengi walimtazama. Baadaye kutazama hakukutosha, ikabidi mtu atabasamu. Kisha atabasamu na kuinua glasi tupu. Kisha glasi yenye maji. Kisha aiguse kwa midomo. Kashata zilitiwa moja kwa moja kinywani, kwa kuwa Bwana Makupa alisema kupitia mkononi kunachelewesha somo, na mnyama, samahani, mwananchi, anasahau ametunzwa kwa lipi.

Nilimwona Mwalimu Njechele, mzee wa mvi aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza, akifumba macho na kufungua kinywa. Bwana Makupa akamtilia kashata juu ya ulimi, akampapasa kichwa, akasema, "Vizuri sana." Chembe za sukari zilimnatia mwalimu kwenye ndevu naye akazilamba. Hapo kile kichefuchefu cha uzalendo kikanipanda hasa, nikalazimika kwenda nyuma ya gari la Waziri na kuuonyesha uzalendo wangu pale chini.

Niliporudi, Zamda alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa, mimi kashata siitaki," alisema. "Nina mtoto nyumbani anahara. Nimeshamzika mmoja. Lihamisheni bomba litoke mferejini, basi."

Bwana Makupa akaweka filimbi mfukoni na kutoa ishara. Waziri, Katibu Mkuu, wakurugenzi na wapishi wa wizara, wote wakanyanyuka, wakageuza viti, wakakaa kumpa Zamda mgongo. Nami niligeuza changu, maana nilikuwa kazini. Tulikaa tukiutazama ukuta wa machinjio, huku Zamda akizungumza na migongo yetu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelekeza njia. Alieleza jinsi Hidaya alivyokuwa akiomba maji mpaka dakika ya mwisho, naye akampa, kwa kuwa hakuwa na mengine. Kisha akanyamaza.

"Mnaona?" alinong'ona Bwana Makupa. "Amechoka."

Tulipogeuka, Zamda alikuwa amekaa mahali pake. Lakini sikuona uchovu wowote usoni pake. Alikuwa anamkodolea macho Waziri.

Alikuwa na sababu. Machinjio yana nzi wengi, na mmoja wao alikuwa ametua kwenye sikio la Mheshimiwa. Mheshimiwa akapunga mkono kumfukuza. Mtu mmoja nyuma akadhani anasalimiwa, akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mheshimiwa akatabasamu na kupunga tena. Makofi yakaja tena. Nzi aliondoka zamani akarudi zake machinjioni, ila ule mkono wa Mheshimiwa haukushuka mpaka tulipofunga mkutano.

* * *

Mchana mimi hula kwa Zamda. Anapika vizuri, na maji ya kunywa huwa ninakuja nayo mwenyewe kutoka wizarani. Siku ile nilikaa pembeni na sahani yangu, na kwenye benchi walikuwapo Mwalimu Njechele na Bi. Chausiku, jirani yake Zamda. Tunu alikuwa amelala nyuma ya jiko juu ya kanga, midomo imemkauka.

"Shikamoo mwalimu, wali huo," alisema Zamda akimwekea sahani. "Umeuona ule mkono wa Waziri?"

"Marahaba. Nimeuona."

"Nzi ndiye aliyemwinulia. Sisi tukampigia makofi. Nzi kaondoka, mkono umebaki juu. Hamkuelewa?"

Mwalimu aliacha kutafuna. Aliona aibu kidogo, nadhani kwa sababu ya zile kashata.

"Yeye kashata hali, ana sukari," Zamda aliendelea. "Yeye analishwa makofi. Akipigiwa, anarudia. Asipopigiwa, anatafuta kingine cha kufanya."

"Wewe mwana wewe," alisema Bi. Chausiku, "unataka kumfunza Waziri mzima?"

"Nataka nimsogeze mpaka bombani, bibi. Siku ya wafadhili. Akiligeukia bomba, tunapiga. Akitazama pengine, kimya. Ayaonje maji yetu kwa kinywa chake. Mtu akionja mwenyewe hawezi kusema hajui. Atalihamisha bomba, na Tunu wangu atapona."

"Na huyu je?" aliuliza Mwalimu, akinionyesha kwa kidevu. "Si ndiye anayetuambia tupige lini?"

Wote wakanitazama. Nikaendelea kula, kwa kuwa wali ulikuwa mtamu na mtu hasikii vizuri akiwa anatafuna.

* * *

Siku ya wafadhili ilifika. Bomba la Bondeni lilipakwa rangi ya bluu na kuvikwa utepe. Meza ya Waziri ilikuwa na chupa ya maji kutoka ng'ambo, yenye picha ya mlima wenye theluji. Mheshimiwa Kiangazi akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," alisema, "maji ni uhai, na uhai ni maji, na Wizara ya Maji ni vyote viwili."

"Makofi ya kilo tatu," niliita.

Kimya. Nilidhani kipaza sauti changu kimekatika, nikakigonga, kikalia vizuri tu. Watu wa Bondeni walikaa wakimtazama Waziri, mikono mapajani. Waziri akageuza karatasi ya hotuba. Akatazama kulia, kimya. Akatazama kushoto, lilipo bomba, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi.

Mheshimiwa akapata rangi usoni. Akarudi kwenye hotuba, akataja lengo la taifa la miaka hamsini. Kimya. Akalitupia bomba jicho, makofi. Akapiga hatua moja kulielekea, makofi na vigelegele. Akarudi nyuma kuchukua karatasi zake, na uwanja ukanyamaza hata nikasikia ng'ombe akikoroma ng'ambo ya ukuta. Akaziacha karatasi. Makofi.

Sijapata kuona mtu mzima akisogezwa vile. Alishuka jukwaani ngazi kwa ngazi, akisimama kwenye kila ngazi kusikiliza, shingo ameiinamisha upande mmoja, kama yule mbwa wa Ikulu alipokuwa akisubiri ini. Hakuwa na habari na wafadhili tena. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Katibu Mkuu alimkimbilia na ile chupa ya mlima. Mheshimiwa akaishika: kimya kizito. Akaiacha ianguke, na Bi. Chausiku akarusha mtandio juu kwa furaha.

Alipofika bombani alilishika. Makofi. Akalifungua, yakatoka yale maji ya mkandaa na povu lake, na harufu ikatufunika sote, wafadhili wakaziba pua. Alikinga kiganja. Makofi. Akatazama kile kilichokuwa kiganjani, na kwa muda mfupi nilidhani atakimwaga. Uwanja ukanyamaza. Zamda alikuwa amesimama safu ya mbele, viganja viwili vimeachana kidogo tu, anangoja. Mheshimiwa akapiga magoti kwenye tope, akafungua kinywa, akakinga mdomo chini ya bomba, akanywa.

Makofi yale hayana kilo. Watu walilia. Alikunywa tena, na tena, maji yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye tai, uzi wa utumbo ukimning'inia pembeni mwa mdomo, na bado akiwatazama kwa macho ya kuuliza kama amefanya vizuri. Nyuma yangu nilisikia filimbi. Bwana Makupa, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amepiga filimbi ya taifa na kurusha kashata. Mheshimiwa aliidaka kwa kinywa, akaila, pamoja na sukari yake yote.

* * *

Jioni ile ile Mheshimiwa alianza kuhara, na nchi ikasimama. Ndege iliitwa. Madaktari sita walimbeba, mmoja ameshika dripu, mwingine mwavuli. Redio ilipiga nyimbo za huzuni na kutangaza kuwa Waziri amejitoa mhanga kwa utafiti.

Huko ng'ambo alipolazwa alipiga simu mwenyewe, kwa sauti ya chini, akaamuru Bondeni lilazwe bomba jipya mbali na mfereji. Lililazwa upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona katika utumishi wangu. Mabomba yenyewe yalikuwa yamejaa stoo ya wizara tangu zamani, yakingoja tu mtu muhimu aumwe. Fundi alijaribu maji, yakatoka meupe, hayana harufu. Watu walikuja na ndoo wakiimba.

Kisha fundi akafunga kufuli.

Ni utaratibu wetu. Mradi ukimalizika unazinduliwa, na ukizinduliwa unazinduliwa na Waziri, na Waziri alikuwa ng'ambo akila uji mwepesi. Kabla ya uzinduzi hakuna mradi. Lile bomba la zamani liliachwa wazi, ili wananchi wasije wakakosa maji katika kipindi cha mpito.

Zamda alinijia pale ninapokula.

"Kaka, ufunguo anao nani?"

"Anao Katibu Mkuu."

"Nipatie ndoo moja tu. Siyo mtaa mzima. Ndoo moja ya Tunu. Ya chupa nimenunua mpaka mtaji umekwisha."

Nikamweleza kwa upole kuwa maji yasiyozinduliwa, kisheria, si maji. Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mwelewa. Akarudi jikoni, akamwinua Tunu, akamnywesha kutoka kikombe cha plastiki, kidogo kidogo, na rangi ya kile kikombe ilikuwa ya mkandaa. Uzalendo ukanipanda tena na wali ule sikuumaliza.

Mheshimiwa alichukua muda kupona. Alikuwa na udhaifu, na ngozi yake ilihitaji mapumziko pwani ya nchi ile. Bwana Makupa alimtembelea, akarudi na kutangaza kuwa Waziri anaendelea vyema na anakula kwa mkono.

* * *

Siku ya uzinduzi kulikuwa na turubai jipya, bendi ya polisi, na utepe mpana kuliko ule wa kwanza. Mheshimiwa Kiangazi alishuka garini amepungua, akapunga mkono. Hakuna aliyepiga. Nilidhani watu wameanza tena michezo yao, lakini nilipowatazama sikuona mchezo. Wanaume walikuwa wamekaa vichwa wazi wakitazama chini. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga kichwani.

Akakata utepe. Niliita makofi ya kilo tano. Katibu Mkuu akatoa ufunguo, kufuli likafunguliwa, Mheshimiwa akazungusha bomba na maji yakamwagika meupe juani, mazuri mno. Kimya.

Alituangalia. Kisha akainama kidogo, akakinga kiganja, akanywa, akainua macho. Kimya. Akapiga magoti, akakinga mdomo, akanywa mafunda makubwa, akainua macho tena, maji yakimtoka puani.

"Ukiacha kumtunza huwa anazidisha kwanza," alininong'oneza Bwana Makupa, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake imepoa. "Usimtazame."

Mheshimiwa akazidisha. Alikunywa, akatabasamu, akajipigia makofi mwenyewe mawili matatu, akanywa. Suti ilikuwa imelowa yote. Ndipo safu za wanawake zikaachia njia, akaja Zamda ameshika ndoo tupu. Bi. Chausiku alikuwa nyuma yake na sanda ndogo iliyokunjwa. Tunu alikuwa amekufa alfajiri, kufuli likiwa bado halijafunguliwa.

Zamda alisimama mbele ya Waziri aliyepiga magoti. Hakumtukana, hakulia.

"Nipishe, baba," alisema. "Nina mtoto wa kuosha."

Mheshimiwa akatazama huku na huku, akisikiliza. Hakusikia chochote. Akajivuta pembeni kwa magoti, kwenye tope, na Zamda akaitega ndoo. Lilikuwa jambo la kwanza Wizara ya Maji kulifanya Bondeni bila kupigiwa makofi.